Nani Aliwamaliza Samaki wa Ziwa Victoria?

Katika magenge na masoko madogo ya Kiseke, kata ya Manispaa ya Ilemela mjini Mwanza, iliyo mwendo mfupi wa daladala kutoka ufukweni, kuna swali linalofufuka kila bei ya sato inapopanda. Inakuwaje watu wanaoishi kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika wakose samaki wa kula? Majibu hayakosekani. Mmoja atasema sangara aliwala wote. Mwingine atawalaumu wavuvi haramu na makokoro yao. Wa tatu atakumbusha rangi ya kijani inayotanda majini na kuuliza kiumbe gani ataishi humo. Wa nne atanyoosha kidole upande wa uwanja wa ndege: samaki wapo, ila wanasafirishwa.

Yote manne husemwa kwa uhakika, na kila upande una ushahidi. Mabishano hayaishi kwa sababu wanaobishana hawamzungumzii samaki mmoja. Ziwa hili limepoteza samaki kwa awamu, na kila awamu ina mhusika wake. Ngege hakupungua kwa sababu iliyomwondoa furu, na furu hakuondoka kwa sababu inayomfanya sangara mkubwa awe adimu siku hizi. Anayewaweka wote katika kapu moja atapata jibu moja rahisi, na jibu hilo litakuwa na makosa kwa theluthi mbili.

Ziwa lilivyokuwa

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, lakini kwa kina ni ziwa la wastani tu. Pale penye kina kirefu kabisa hapazidi sana mita 80, na wastani wake ni mita 40 hivi, ilhali Tanganyika inazama zaidi ya mita 1,400. Ufinyu huo wa kina una maana kubwa katika habari hii yote. Watafiti waliochimba matope ya chini mwaka 1996 walionyesha kwamba ziwa lilikauka kiasi cha miaka 15,000 iliyopita, likajaa upya mvua ziliporejea.

Ndani ya maji hayo mapya ndipo walipoongezeka furu, samaki wadogo wa jamii moja na sato. Wanasayansi wanakadiria kuwa walifikia aina 500 au zaidi: wala konokono, wala mwani, wala wadudu, hata wapo waliojipatia riziki kwa kunyonya mayai na vifaranga vya furu wenzao. Hadi miaka ya 1970 furu walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wote wa samaki ziwani. Hata hivyo hawakuwa samaki wa heshima mezani. Heshima ilikuwa ya ngege na mbiru, ambao ndio jamii ya sato wenyeji wa ziwa hili, pamoja na ningu aliyepanda mitoni kutaga wakati wa mvua.

Hapa msomaji wa Kiseke huenda akashangaa: sato anayemlilia leo naye ni mgeni. Aliletwa katika miaka ya 1950 pamoja na jamaa zake wengine, ili kuziba pengo la ngege. Ametulia ziwani kwa namna ambayo hakuna anayemkumbuka kama mhamiaji, bahati ambayo sangara hakuipata.

Pengo lenyewe lilitokana na nyavu. Mwaka 1905 zililetwa nyavu za kutega kutoka Ulaya, na reli ya Kisumu ikawa imefungua soko. Kufikia miaka ya 1920 mavuno ya ngege kwa wavu mmoja yalikuwa yameshuka vibaya. Serikali za kikoloni zilimtuma mtaalamu Michael Graham, aliyefanya uchunguzi mwaka 1927 na 1928, akapendekeza macho ya wavu yasipungue inchi 5. Agizo hilo lilifuatwa kwa kusuasua, kisha likalegezwa katika miaka ya 1950. Ningu naye alitegwa midomoni mwa mito akiwa na mayai tumboni, akawa adimu kabla kizazi cha uhuru hakijaanza shule.

Yote hayo yalitokea sangara akiwa bado hajaonekana.

Mgeni aliyeingia kimyakimya

Ngege walipopungua, maofisa wa uvuvi waliwatazama furu kama mali iliyolala: ni wengi mno, ni wadogo, wamejaa miiba, na hawana bei. Likazuka wazo la kumleta samaki mkubwa awale furu hao na kuwageuza kuwa minofu inayouzika. Geoffrey Fryer, mtafiti aliyewahi kufanya kazi Ziwa Nyasa na Victoria, alilipinga hadharani mwaka 1960. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mlaji hubadilisha sehemu ndogo tu ya chakula chake kuwa nyama, kwa hiyo wanyama wanaokula samaki hawawezi kuwa wengi kwa uzito kuliko samaki wanaowala. Mwaka uliofuata A. M. Anderson alimjibu katika jarida lilelile, akitetea mpango.

Jambo la kuchekesha, au la kusikitisha, ni kwamba walikuwa wanabishania mlango uliokwisha kufunguliwa. Mwaka 2005 mtafiti Robert Pringle alikusanya kumbukumbu na ushahidi wa waliohusika, akaonyesha kwamba sangara walikuwa wamekwisha kumwagwa upande wa Uganda tangu mwaka 1954 bila kutangazwa. Uwekaji rasmi ulifuata mwaka 1962 na 1963, huko Entebbe na Kisumu.

Kwa zaidi ya miaka 20 hakuna kilichotokea cha kutisha. Sangara alivuliwa hapa na pale. Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 upande wa Kenya, idadi yake ikalipuka. Uganda ikafuata, na katikati ya miaka ya 1980 ikawa zamu ya Ghuba ya Mwanza. Kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, lilikuwa hapo tangu mwaka 1977 likishirikiana na wenzao wa chuo cha uvuvi cha Nyegezi na baadaye wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI. Walikuja kuwahesabu furu na kuwapa majina. Wakajikuta wanaandika habari ya kutoweka kwao: kufikia mwaka 1987, majuya yao yaliyozoea kujaa furu katika maji ya wazi ya ghuba yalikuwa yanatoka na sangara, dagaa na uduvi. Kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, aina 200 hivi hazijaonekana tena.

Hoja ya kwanza: sangara ndiye mlaji

Hoja hii ndiyo maarufu kuliko zote, na ina nguvu tatu. Kwanza, ni tumbo lenyewe: watafiti walimpasua sangara wa miaka ya mwanzo wakamkuta amejaa furu; furu walipokwisha, wakamkuta na uduvi, dagaa na watoto wake mwenyewe. Pili, ni mfuatano wa mahali. Wimbi la sangara lilizunguka ziwa, na kila lilipofika furu walianguka. Tatu, na hii ndiyo nguvu kubwa zaidi, ni wale waliobaki. Furu wa kwenye mawe, wanaojificha katika nyufa ambazo sangara hapendi kuzisogelea, walinusurika kwa wingi kuliko wenzao wa maji ya wazi. Mwanza, nchi ya mawe, ilikuwa na maficho mengi ya namna hiyo.

Udhaifu wake uko katika saa. Kama sangara alitosha peke yake, kwa nini alisubiri zaidi ya miaka 20? Swali hilo limewatesa watafiti. Egid Katunzi wa TAFIRI alikuwa miongoni mwa walioandika, mwaka 2008, uchambuzi wa mfuatano wa tukio hilo. Mwaka 2016 kundi jingine, likiongozwa na Paul van Zwieten, lilikwenda mbali zaidi na kuuliza kama mlipuko wa sangara haukuwa matokeo ya kupungua kwa furu badala ya kuwa chanzo chake. Maelezo yake yanaingia akilini: furu walio wengi hula mayai na vifaranga vya sangara, na pia hushindana navyo kwa chakula. Ukuta wa furu ukiwa mzima, watoto wa sangara hawapenyi. Ukuta ukipata ufa, wanapenya kwa mamilioni, maana jike mmoja mkubwa hutaga mayai mamilioni.

Je, kulikuwa na ufa Mwanza? Ndiyo, na ulichimbwa na binadamu. Katika miaka ya 1970 meli za kukokota majuya ziliingia kazini katika Ghuba ya Mwanza, na kiwanda kikajengwa cha kuwasaga furu kuwa unga wa chakula cha mifugo. Kabla sangara hajashamiri, watafiti walikuwa tayari wameona mavuno ya furu yakishuka katika maeneo yaliyokokotwa sana. Hata hivyo meli hizo hazikufika kila pembe ya ziwa, na furu walianguka hata mahali ambapo hapakuwa na juya. Basi ufa wa Mwanza unaeleza jambo la Mwanza. Hauelezi ziwa zima.

Hoja ya pili: maji yenyewe yamebadilika

Anayeonyesha rangi ya kijani ana ushahidi wa zamani kuliko anavyojua. Dirk Verschuren na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, walisoma tabaka za matope ya chini ya ziwa na kugundua kuwa mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, sambamba na ongezeko la watu na mashamba kando ya ziwa. Kufikia miaka ya 1960 hewa ya oksijeni ilikuwa imeanza kupungua katika maji ya chini. Robert Hecky alipolinganisha vipimo vya mwanzoni mwa miaka ya 1990 na vile vya mwaka 1960 na 1961, alikuta mwani ukizalishwa maradufu.

Njia yake ni hii. Fosforasi na naitrojeni vikiingia ziwani hustawisha mwani. Mwani ukifa huzama. Kuoza kwake hula oksijeni ya chini. Katika ziwa la kina kifupi, sehemu kubwa ya sakafu hugeuka kuwa mahali pasipokalika kwa miezi kadhaa ya mwaka. Furu wa maji ya kina, ambao gizani kule chini wangeweza kumkwepa sangara, walikosa pa kukimbilia wakati ule ule alipokuja kuwatafuta.

Na fosforasi hiyo inatoka wapi? Wengi hutaja viwanda, na viwanda vina sehemu yao. Mwanza ina Mto Mirongo, unaokatisha mjini na kubeba kila kitu hadi ziwani. Ina vilima vilivyojaa nyumba ambazo vyoo vyake vimechimbwa katikati ya mawe, na mitaa mipya ya Ilemela, Kiseke ikiwemo, imeota haraka kuliko mabomba ya majitaka. Lakini jibu lenye kushangaza lilitoka kwa mtafiti Mtanzania, Rufus Tamatamah, ambaye mwaka 2005 pamoja na wenzake alikadiria kuwa zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia Ziwa Victoria hushuka kutoka angani: vumbi la ardhi tupu na majivu ya mashamba na misitu inayochomwa. Mkulima anayechoma majani mbali kabisa na ufukwe analirutubisha ziwa bila kuliona.

Kuna ushahidi mwingine wa aina yake, uliopatikana hapahapa katika visiwa vya eneo la Mwanza. Kati ya furu wa mawe kuna wawili walio karibu sana kwa ukoo: mmoja madume yake ni ya buluu, mwingine madume yake ni mekundu. Huyo mwekundu alipewa jina la kisayansi la nyererei mwaka 1985, mwaka ambao Mwalimu Nyerere aling'atuka. Majike humchagua dume kwa rangi. Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba penye maji angavu, kama Kisiwa cha Makobe, aina hizo mbili hubaki mbalimbali. Ndani zaidi ya Ghuba ya Mwanza, ambako maji ni tope, majike hayaoni rangi sawasawa, aina hizo zinachanganyika, na hatimaye inabaki aina moja isiyo na rangi ya kueleweka. Aina imepotea bila samaki hata mmoja kuliwa.

Ushahidi huo unapunguza nguvu ya hoja ya kwanza, lakini haubebi kila kitu. Mwani uliongezeka polepole kwa nusu karne. Furu wa Ghuba ya Mwanza walianguka katika miaka michache. Jambo la polepole linaweza kuandaa mazingira, lakini kwa kawaida linahitaji msukumo mwingine ili liporomoke kwa kishindo. Zaidi ya hayo, maji yenye rutuba yanalisha. Sehemu ya wingi wa dagaa na sangara uliofuata ilitokana na rutuba ileile inayolaumiwa. Kabla ya mlipuko, mavuno ya ziwa zima yalikuwa kiasi cha tani 100,000 kwa mwaka. Karibu na mwaka 1990 sangara peke yake alipita tani 300,000, na baada ya mwaka 2000 jumla ya samaki wote ilikaribia tani milioni moja, zaidi ya nusu yake wakiwa dagaa.

Kwa hiyo, kwa uzito, ziwa halikuishiwa samaki. Lilibadilisha samaki.

Hoja ya tatu: makokoro na nyavu ndogo

Hoja hii ndiyo inayopendwa na serikali, na si vigumu kuona sababu: kokoro linaweza kukamatwa na kuchomwa moto mbele ya kamera, mvua ya majivu haiwezi. Mwaka 2018, chini ya Waziri Luhaga Mpina, Operesheni Sangara ilipita mialoni ikikamata nyavu zilizokatazwa na samaki wachanga, ikitoza faini kubwa, ikichoma zana hadharani.

Msingi wake una mantiki. Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kwamba sangara anayefaa kuvuliwa ni wa kati ya sentimita 50 na 85, ili wachanga wakue na majike wakubwa waendelee kutaga. Sangara wengi wanaoletwa mialoni wako chini ya kipimo hicho. Idadi ya wavuvi nayo imepanda: hesabu ya ziwa zima iliwakuta takriban 129,000 mwaka 2000, na karibu 220,000 mwaka 2016. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki, ambazo ni rahisi na haziozi, zimechukua nafasi ya zile za nyuzi. Kuhusu ngege na ningu wa zamani, hoja ya nyavu haina mpinzani wa maana. Kuhusu sangara mkubwa wa leo, ndiyo maelezo ya karibu zaidi.

Lakini kwa furu inageuka kichwa chini. Katika miaka ya 1990 sangara walipovuliwa kwa nguvu na kupungua, baadhi ya furu walirudi Ghuba ya Mwanza. Mary Kishe-Machumu wa TAFIRI ni mmoja wa walioufuatilia urejeo huo. Waliorudi hawakuwa walewale kabisa: baadhi walikuwa wamebadilisha chakula, na furu mmoja aliyechunguzwa kwa makini alionekana kuwa na matamvua makubwa zaidi, yanayofaa maji yenye oksijeni haba, mabadiliko yaliyotokea katika miongo miwili tu. Kumvua sangara kupita kiasi, basi, ni hasara kwa kiwanda na nafuu kwa furu. Anayedai ziwa lilindwe hana budi kusema analilinda kwa faida ya nani.

Wapo pia wanaoikataa hoja ya nyavu kwa ujumla wake. Jeppe Kolding na wenzake waliandika mwaka 2008 kwamba wingi wa samaki wa ziwa hili unaendeshwa zaidi na virutubisho kuliko na wavuvi, na kwamba mavuno ya jumla hayaonyeshi dalili za kawaida za ziwa lililovuliwa kupita kiasi. Wenzao wanaopima wingi wa samaki kwa mawimbi ya sauti, kazi iliyoanza ziwani mwaka 1999, wanajibu kuwa jumla inaficha mengi: dagaa wanaongezeka huku sangara wakubwa wakipungua, na tani moja ya dagaa si sawa na tani moja ya sangara kwa mtu yeyote.

Kuna gharama ambayo hoja hii haiisemi kwa sauti. Kanuni zimelenga zana ya mvuvi mdogo, kwa sababu huyo ndiye anayeonekana ufukweni. Mwenye mitumbwi kumi, anayewakopesha wavuvi nyavu na injini kisha kuchukua samaki kwa bei anayoipanga, mara nyingi hayupo mwaloni siku ya msako.

Hoja ya nne: samaki wapo, ila si wetu

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya kuchakata minofu ya sangara vilijengwa Mwanza, na minofu ikaanza kuruka kwenda Ulaya kutoka uwanja wa ndege ulioko Ilemela hiyohiyo. Minofu ilisafiri, vichwa na mifupa ya migongo, yaani mapanki, vilibaki kukaangwa na kuliwa na watu wa kipato cha chini. Filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, ya mwaka 2004, iliionyesha Mwanza hiyo kwa ulimwengu na kuzua hasira. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani, kwa maelezo kwamba ilipotosha sura ya mji na ya biashara yenyewe.

Filamu kando, hoja hii ina jambo inalolieleza vizuri kuliko nyingine zote, nalo ni bei. Samaki anayehitajika Ulaya hupangiwa bei na Ulaya. Umoja wa Ulaya ulipofunga mlango, kama ulivyofanya mwaka 1999 baada ya habari za kuvua kwa sumu, wavuvi wa kandokando ya ziwa zima walihisi siku hiyohiyo. Siku hizi kuna soko la pili, la mabondo ya sangara, yaani vibofu vyake vya hewa, yanayokwenda China na Hong Kong, ambako kilo moja ya bondo lililokauka ina thamani inayoiacha mbali sana kilo ya mnofu. Bondo kubwa hutoka kwa samaki mkubwa. Jike anayetakiwa abaki ziwani atage ndiye mwenye thamani kubwa akiwa amepasuliwa.

Soko la nje si la Ulaya na China pekee. Kayabo, sangara wa chumvi, na dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, husafiri kwa malori kwenda Congo na nchi jirani, na sehemu kubwa ya dagaa huishia katika chakula cha kuku. Lawama zinazoelekezwa kwa ndege za Ulaya pekee zinasahau malori haya.

Udhaifu wa hoja ya nne ni kwamba inaeleza mgawanyo wa samaki, haielezi wingi wao. Hata kiwanda cha mwisho kikifungwa kesho, ngege hatarudi. Tena fedha za sangara zimejenga nyumba Mwanza na kuwasomesha watoto, na biashara hiyo inaajiri kuanzia mpasuaji wa samaki hadi mbeba barafu. Anayetaka samaki abaki nyumbani anapaswa kueleza fedha hizo zitatoka wapi.

Mizani

Zikipangwa kwa samaki na kwa wakati, hoja hizi haziumani kama zinavyoonekana sokoni. Ngege na ningu walimalizwa na nyavu, pamoja na kanuni dhaifu, kabla ya mgeni. Sato na wenzake walioletwa kuziba pengo waliongeza ushindani. Furu waliliwa na sangara, katika ziwa ambalo mashamba, moshi na majitaka yalikwisha kuwanyima maficho, na katika ghuba ya Mwanza meli za kukokota zilichangia kufungua njia. Sangara mkubwa anamalizwa na soko linalomlipa mvuvi zaidi kwa kuvunja kanuni kuliko kwa kuifuata. Sato anayekosekana Kiseke yuko katikati: yupo ziwani, anakaa karibu na ufukwe ambako makokoro hupita, na anagombewa na mji unaokua.

Kati ya sababu zote, iliyo nzito kwa miaka ijayo ni ya pili, ya maji kubadilika, na ndiyo inayozungumzwa kidogo zaidi. Nyavu zinaweza kupumzishwa msimu mmoja, na samaki wanaozaa haraka wakaitikia. Sangara anaweza kupunguzwa kwa kuvuliwa, jambo ambalo tayari limetokea bila kupangwa. Lakini fosforasi iliyokwisha kutua chini ya ziwa la kina kifupi hukorogwa upya kila upepo wa msimu unapochanganya maji, na wanaoiongeza wametapakaa kuanzia Rwanda na Burundi hadi Mara na Kisii. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa na nchi tatu kwa mkataba wa mwaka 1994 na makao yake Jinja, lina mamlaka juu ya uvuvi. Halina mamlaka juu ya shamba linalochomwa.

Suala hilo la rutuba linagusa pia jambo jipya linaloungwa mkono na wengi, serikali ikiwemo: ufugaji wa sato kwenye vizimba ndani ya ziwa. Kwa mlaji wa Kiseke ni habari njema, kwa kuwa sato wa kizimba hategemei bahati ya mvuvi wala kanuni ya sentimita. Kwa ziwa inategemea mahali. Chakula kisicholiwa na kinyesi cha samaki huzama chini ya kizimba, na mara nyingi sehemu ya chakula hicho ni dagaa aliyevuliwa ziwani humo. Katika maji ya kina yenye mkondo, taka hizo husambaa. Katika ghuba tulivu, ambako kikundi chenye mkopo mdogo kinapenda kuweka kizimba ili kupunguza gharama za mafuta na ulinzi, hukaa palepale na kula oksijeni. Upande wa Kenya, karibu na Kisumu, wafugaji walipoteza samaki wengi mwishoni mwa mwaka 2022 kwa maji kukosa hewa. Utoaji wa vibali ungeweza kuanza na kipimo cha kina na mkondo kabla ya kuhesabu vizimba, na gharama ya kuvisogeza mbali na ufukwe ikaingizwa ndani ya mkopo wenyewe.